Dogo wa Oldeani Hahitaji Gia Sita, Anahitaji Gia ya Kwanza ya Maana

Wadau wa magari mtandaoni hawalali. Tangu ile video ya pikapu kuukuu ya Chevrolet iliyokwama mlimani Oldeani na gunia za kahawa mgongoni ianze kuzunguka, kila mtu amegeuka fundi. Wa Dar ni fundi, wa Mwanza ni fundi, hata wale ambao hawajawahi kushika spana namba 14 nao wanatoa ushauri. Na katikati ya kelele zote hizo yupo dogo mmoja, mwenye gari, anayetakiwa kuamua wiki hii hii pesa ya familia yake iende wapi.

Kwa wasiojua stori, hii hapa kwa ufupi. Pikapu ni ya miaka ya 1970, injini ya silinda sita za mstari, lita 4.1, na boksi la gia tatu, lile ambalo mkono wake upo kwenye usukani. Babu yake dogo aliinunua kwa wazungu wa shamba moja la kahawa miaka hiyo, ikalala bandani muda mrefu, dogo akaifufua. Rangi safi, bampa inang'aa, maharusi wa Karatu wanaigombania. Ikitoka harusini Jumamosi, Jumatatu inabeba kahawa, kuni, au inashuka Mang'ola kufuata vitunguu. Yaani gari moja, kazi mbili: kuuza sura na kubeba mzigo.

Sasa boksi limekufa. Gia ya kwanza inaruka yenyewe, ya pili inalia kama mbwa aliyekanyagwa, na klachi imeungua mara mbili ndani ya msimu mmoja. Ndipo staa mmoja wa Dar, mwenye Mmarekani wake mweusi anayejulikana na wafuasi wasiohesabika, akaingia kwenye komenti na kuandika: "Mdogo wangu, achana na makopo. Weka sita spidi ya kisasa, hevi duti, nitakuunganisha na watu wangu Marekani. Nusu nakuchangia, nusu jipange."

Mtandao ukalipuka. Mioyo, moto, "big up kaka". Dogo akajibu kwa adabu, "Shukrani sana kaka, naongea na mama." Na hapo kwenye "naongea na mama" ndipo stori nzima ilipo.

Nusu ya nani?

Nusu ya staa ni posti moja ya tangazo. Nusu ya dogo ni pesa ya kahawa ya msimu mzima pamoja na ng'ombe wawili waliouzwa mnadani, pesa ambayo mama yake aliitenga kwa ajili ya ada ya chuo ya dada yake. Dogo mwenyewe alisema hivyo kwenye laivu yake, bila kulia wala kuomba huruma. Dada naye akaandika chini: "Mimi sina neno, ila gari ikirudi kukwama nitakuwa nimekaa nyumbani bure."

Hiyo komenti ndogo ilipata laiki chache kuliko emoji za moto. Lakini ndiyo yenye akili kuliko zote.

Kwa hiyo swali si kama boksi la gia sita ni zuri au baya. Ni zuri, tena sana. Swali ni kama litapanda Oldeani na gunia mgongoni. Na jibu, ukikaa na kalamu dakika tano tu, ni hapana.

Tusidanganyane na neno "hevi duti"

Watu wakisikia hevi duti wanaelewa kitu kimoja: chuma kigumu kisichokatika. Hapo ndipo mtego ulipo. Boksi la gia lina mambo mawili tofauti kabisa. La kwanza ni nguvu linayoweza kuvumilia bila kuvunjika. La pili ni uwiano wa gia, yaani injini inazunguka mara ngapi ili shafti inayokwenda nyuma izunguke mara moja. La kwanza linaandikwa kwa herufi kubwa kwenye matangazo. La pili linakaa kwenye jedwali dogo chini ambalo hakuna anayelisoma.

Chukua boksi analolisifia staa. Boksi la gia sita linalopendwa sana na watu wa magari ya zamani ya Marekani ni Tremec T-56 Magnum. Kiwandani limepimwa kuvumilia futi-pauni 700 za nguvu ya kuzungusha, sawa na Nm 949 hivi. Hiyo ni hevi duti kweli kweli. Sasa injini ya dogo, ile silinda sita ya lita 4.1, hata ilipokuwa mpya haikuwa ikifika Nm 330. Maana yake ananunua boksi lenye uvumilivu karibu mara tatu ya nguvu aliyonayo. Ni sawa na kumnunulia mtoto wa chekechea jiko la kupikia askari wa kambi nzima. Jiko zuri, lakini anapika uji.

Haya, sasa njoo kwenye lile jedwali dogo. Gia ya kwanza ya T-56 Magnum ina uwiano wa 2.66 au 2.97, kutegemea toleo. Maboksi mengi ya zamani ya gia tatu, ya aina ile iliyomfia dogo, gia yao ya kwanza ilikuwa karibu na 3. Soma tena hapo taratibu. Gia ya kwanza ya boksi la mamilioni ni ile ile, au ndefu zaidi, kuliko ya boksi lililomkwamisha. Gia ya tano na ya sita ni za kukimbilia kwenye lami tambarare, injini ipumzike. Kwa mlima wa Oldeani, hizo mbili ni mapambo.

Klachi ya dogo haikuungua kwa sababu boksi lilikuwa laini. Iliungua kwa sababu gia ya kwanza ilikuwa ndefu mno kuanza safari mlimani na mzigo, ikabidi aishikilie klachi nusu nusu, moshi unatoka, harufu mpaka kwa jirani. Ukimpa boksi jipya lenye gia ya kwanza ile ile, utakuwa umembadilishia shati mtu anayeumwa tumbo.

Hesabu ya mlimani

Tuseme difu ya pikapu ina uwiano wa 3.73, namba ya kawaida kwa pikapu za aina hiyo. Ukizidisha gia ya kwanza kwa difu unapata jumla ya jinsi nguvu ya injini inavyoongezwa kabla ya kufika kwenye tairi.

Gia sita ya kisasa: 2.97 mara 3.73, inakuja kama 11.

Boksi la gia tano la Toyota, H55F, lile la Land Cruiser za zamani: gia ya kwanza ni 4.84. Mara 3.73, inakuja 18.

Boksi la gia nne la Chevrolet wenyewe, SM465, la chuma cha kizamani hicho kisichojua Instagram: gia ya kwanza ni 6.55. Mara 3.73, inakuja 24 na ushee.

Injini ile ile, tairi zile zile, dereva yule yule. Kwa SM465, tairi inapata msukumo zaidi ya mara mbili ya ule wa gia sita ya staa. Hakuna uchawi hapo, ni meno tu: gia ndogo inasukuma gia kubwa. Baiskeli ya muuza maziwa inajua hiyo kanuni.

Na mlima sio kupanda tu. Anayeijua Karatu anajua kwamba kushuka ndiko kunakoua. Ukitoka Oldeani mvua ikiwa imenyesha, ule udongo mwekundu unakuwa kama sabuni. Ukishuka Mang'ola au ule mteremko wa Rhotia kwenda Mto wa Mbu na mzigo, breki za gari la miaka ya 70 zikipata joto zinalegea, pedali inashuka, na hapo ni wewe na Mungu wako. Kinachokuokoa ni injini kukushika kwa gia ndogo.

Hesabu tena, ni rahisi. Tairi ya pikapu ile ina mduara wa kama mita 2.2. Ukishuka kwa spidi ya kilomita 10 kwa saa ukiwa gia ya kwanza ya SM465, injini inazunguka kama mara 1,850 kwa dakika. Hapo imelikamata gari vizuri, mguu wako unagusa breki kwa kuonja tu. Spidi ile ile kwa gia ya kwanza ya boksi la gia sita, injini inazunguka kama mara 840. Hapo haikamati kitu, iko karibu na sailensa ya kusimama. Gari litakusukuma, utakanyaga breki, breki zitapata moto. Sasa weka bibi harusi pembeni na wapambe nyuma. Bado unataka emoji za moto?

Staa naye apewe haki yake

Isionekane kama anasemwa vibaya. Mmarekani wake staa anaishi Dar. Masaki mpaka Mbezi Beach hakuna mlima wa kumtoa mtu jasho. Gari lake lina V8 yenye nguvu ya kuvunja boksi la kawaida, kwa hiyo kwake uvumilivu wa Nm 949 una maana. Usiku barabara ikiwa wazi, gia ya sita inashusha mzunguko wa injini, kelele inapungua, mafuta yanapungua. Kwa maisha yake, amechagua vizuri.

Hata wapenzi wa Muncie M22, lile boksi la gia nne la Chevrolet lililopewa jina la "mvunja miamba", wako sahihi kwa mambo yao. Lilipewa jina hilo kwa mlio wake: meno yake yamekatwa kwa pembe ndogo zaidi ili yavumilie nguvu, na kadiri meno yanavyonyooka ndivyo gia inavyolia. Watu wanaupenda mlio huo kama wengine wanavyopenda besi. Lakini gia yake ya kwanza ni 2.20. Jina linavunja miamba, boksi lenyewe lilitengenezwa kwa mbio. Lipeleke Oldeani na gunia kumi uone nani anavunjwa.

Kosa la staa ni kuchukua jibu la maisha yake akalibandika kwenye maisha ya mtu mwingine, halafu akaliita msaada. Na sisi mtandaoni tukapiga makofi kwa sababu "sita spidi" inasikika vizuri kuliko "gia nne za lori".

Fundi wa Karatu alisema nini

Kuna fundi mmoja wa makamo Karatu mjini, mtu wa maneno machache, ambaye maisha yake yote ni Land Rover na Land Cruiser za watalii. Dogo alimfuata, shikamoo ikaitikiwa, gari likakaguliwa. Majibu ya fundi yalirekodiwa na simu ya rafiki yake dogo na ndiyo hiyo klipu ya sekunde arobaini ambayo wengi mmeipita bila kuitazama.

Fundi alisema hivi: "Kijana wangu, kwanza niambie injini yako nzima au mbovu. Kama mbovu, toa injini na boksi pamoja, weka ya Toyota, ile 1HZ na boksi lake. Kama nzima, usiguse injini. Tafuta boksi la lori la ukoo huo huo."

Sekunde arobaini, na ameshamaliza kila kitu. Tufafanue kidogo kwa wale wa emoji.

Njia ya Toyota si matusi kwa Mmarekani. 1HZ ni dizeli ya lita 4.2, silinda sita, na kanda ya kaskazini nzima inaijua kama ndugu. Spea zipo Arusha, zipo Karatu, na fundi anayeijua gizani yupo kila kijiwe. Faida ya kuchukua injini na boksi pamoja ni kwamba vimezaliwa pamoja: hauzingi ya klachi inakaa, flaiwili inakaa, shafti ya kuingilia inakaa. Boksi linakuja na transfa yake mgongoni, na humo kuna ile gia ya low. Kazi inayobaki ni mauntingi, kukata na kubalansi propela, na kupanga mambo ya rejeta. Kazi kubwa, lakini inajulikana.

Na kwa wale wa "mmeua urithi, mmeweka Mjapani kwenye Mmarekani", someni historia kidogo. Toyota walitengeneza gari lao la kwanza la aina hii mwaka 1951, likaitwa Jeep BJ, kwa kufuata Willys ya Marekani, na jina la Land Cruiser likaja mwaka 1954. Land Rover naye, Mwingereza huyo mwenye maringo, gari lake la majaribio la mwaka 1947 lilijengwa juu ya chesisi ya Willys Jeep. Hawa wote ni wajukuu wa babu mmoja. Hata ile filamu ya Hatari! ya John Wayne, iliyotoka mwaka 1962 na kupigwa huku huku kaskazini mwa Tanganyika, magari yanayokimbizana na vifaru pale hayakuwekewa boksi kwa ajili ya kuonyeshana. Yalikuwa ya kazi.

Lakini injini ya dogo ni nzima. Fundi alipima mgandamizo silinda zote sita, akaridhika. Kwa hiyo njia ya pili ndiyo yenyewe: boksi la lori la ukoo huo huo. Na hapa ndipo stori inapokuwa tamu. Kwenye shamba moja si mbali na hapo Oldeani kuna lori la Chevrolet lililokufa zamani, limeota majani, kuku wanataga kwenye kabini. Fundi anasema chini yake kuna SM465. Mwenye lori anataka bei ya chuma chakavu na shukrani.

Yaani watu wanazungumzia meli kutoka Marekani, ushuru bandarini, dola elfu kadhaa, na kumbe jibu linakaliwa na kuku.

Lisinunuliwe kwa macho

General Motors walitengeneza SM465 tangu mwaka 1968 mpaka 1991, na sifa yake kubwa ni kwamba halifi kirahisi. Lakini "halifi kirahisi" sio "halijafa". Kabla pesa haijatoka mfukoni, kuna mambo ya kukagua, na yeyote mwenye gari la aina hii ayaandike.

Kwanza, oili. Fungua nati ya chini, imwagie kwenye beseni safi, pitisha sumaku. Vumbi laini la chuma ni la kawaida kwa boksi la umri huo. Vipande vyenye kona ni meno yaliyovunjika, ondoka. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, kagua beringi zote kwa kutu.

Pili, fungua mfuniko wa juu, una mkono wa gia. Tazama meno ya kila gia kwa tochi, huku unazungusha shafti kwa mkono. Kona za meno ya gia ya kwanza na ya rivasi ndizo zinazoliwa na madereva wenye haraka.

Tatu, shika shafti ya kuingilia, itikise. Kucheza kidogo kupo, kugonga hakutakiwi. Beringi zikiwa mbovu si mwisho wa dunia, zina namba zilizochongwa pembeni na duka la beringi linasoma namba, halisomi jina la gari.

Nne, na hili wengi linawaumiza: pima tundu la hauzingi. Chevrolet walikuwa na saizi mbili za tundu linalopokea pua ya boksi, inchi 4 na 11/16 kwa magari madogo, na inchi 5 na 1/8 kwa pikapu na malori. Pima yako, pima ya lori, kabla hujakodi gari la kubebea. Hesabu pia meno ya shafti ili sahani ya klachi iingie.

Tano, boksi hili lina uzito wa kama kilo 80 na ni refu tofauti na la gia tatu. Kwa hiyo mauntingi itasogezwa, propela itakatwa na lazima ibalansiwe, sakafu itatobolewa kwa ajili ya mkono wa gia. Fundi wa kuchomelea awe ni yule anayepima mara mbili na kukata mara moja.

Ukijumlisha kazi yote hiyo, bado ada ya dada inabaki benki.

Ubaya wake nao usemwe

Gia nne hizi hazina ovadraivu. Gia ya nne ni moja kwa moja. Kwa hiyo dogo akitaka kwenda Arusha, zile kilomita mia moja na arobaini na kitu atazisikia zote masikioni. Hatashindana na Noah. Mafuta yatakwenda zaidi kuliko kwa gia tano. Anayetaka kuwahi apande basi.

Gia ya kwanza nayo haina sinkro. Huwezi kuichomeka gari likiwa linatembea bila kukanyaga klachi mara mbili na kuipa injini mafuta kidogo katikati. Ukiilazimisha, boksi litakutukana kwa sauti. Kwa kawaida unaanza na gia ya pili, ambayo ina 3.58, tena hiyo ya pili peke yake ni fupi kuliko ya kwanza ya gia sita ya staa. Ya kwanza inawekwa akiba kwa ajili ya mlima na mzigo, kama pesa ya msiba.

Na kushuka kuna sheria moja ambayo wazee wa malori wanaijua: chagua gia yako juu, kabla ya mteremko. Ukishaanza kuteremka na spidi imeshika, gia ya kwanza ya boksi hili haitaingia, na kuweka "free" ili kuokoa mafuta ni kuandika wosia.

Kwa hiyo boksi hili linataka dereva. Dogo ni dereva. Anaijua ile barabara kama anavyoijua njia ya jikoni kwao. Hilo nalo ni sehemu ya kuchagua boksi, ingawa halimo kwenye jedwali lolote: nani atakalishika, na anajua nini.

Tatizo letu ni makofi

Tukubaliane kwamba hili suala limevuka magari. Vijana wengi wa mikoani wakianza kuonekana kidogo mtandaoni, ghafla kila mtu mwenye jina anataka kuwapandisha daraja. Badilisha kamera, badilisha simu, badilisha boksi. Ushauri unakuja na tagi, na tagi inakuja na deni. Staa akiposti mara moja amemaliza, wiki ijayo yuko kwenye jambo lingine. Anayebaki na kontena bandarini na dada aliyekaa nyumbani ni dogo.

Na makofi tunayopiga ndiyo yanayofanya kijana aone aibu kusema "hapana, asante kaka, hilo halinifai". Kumkatalia mtu mkubwa mbele ya watu elfu si kazi ndogo, hasa kwa mtoto aliyelelewa kuheshimu. Lakini kuna namna ya kukataa kwa heshima. Anaweza kumwambia: "Kaka, nashukuru kwa moyo wako. Boksi nimepata hapa nyumbani. Ukitaka kunichangia, nichangie gharama ya propela na beringi, na siku tukilifunga karibu Oldeani uliendeshe mwenyewe." Staa akiwa muungwana atakuja. Na akija, apewe usukani pale chini ya mlima na gunia kumi mgongoni, aonje gia ya kwanza ya 6.55 inavyotambaa bila moshi. Hiyo video itapata watazamaji kuliko ya kufungua boksi jipya kwenye karatasi ya plastiki.

Mama yake dogo, ambaye hana akaunti popote, inasemekana aliuliza swali moja tu alipoelezwa yote haya: "Hilo la kuku likiharibika, fundi analiweza?" Akaambiwa analiweza. "Na hilo la Marekani?" Kukawa kimya.

Wadau wanaosema dogo achukue gia sita, uwanja wa komenti ni wenu. Ila mkija, njoo na namba za gia ya kwanza, sio emoji.